Nyumba ya Kiponda: warithi wanane, duka la wakfu na ukuta uliofanya tumbo

Dalali aliinadi kwa maneno machache: nyumba ya mawe Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, chini na ghorofa mbili, mlango wa kuchonga, hati safi, mwenyewe yuko Muscat na ana haraka. Mambo matatu kati ya hayo hayakuwa kweli, na sidhani kama kuna aliyekusudia kudanganya. Nyumba haikuwa nzima. Mwenyewe hakuwa mmoja. Na hati ilikuwa safi kwa maana tu kwamba hakuna aliyeigusa tangu baba yao alipofariki.

Wanunuzi ni mume na mke waliokuwa wakifanya kazi Dar es Salaam. Mume ni mzaliwa wa Kikwajuni, mke ni mtu wa Tanga. Walitaka nyumba ya kukaa. Hawakuwa na nia ya gesti, na jambo hilo litaonekana lilivyobadilisha hesabu zote. Mimi niliitwa kwa sababu kazi yangu ni kukagua majengo ya zamani, nikajikuta nimefuatana nao mpaka mwisho, maana Mji Mkongwe karatasi na kuta haziachani. Wameniruhusu kuandika kwa sharti kwamba majina na bei nisivitaje, na alama ndogo ndogo za kuitambulisha nyumba nimezibadilisha.

Ninalotaka kuonyesha ni mpangilio tu. Dalali alitaka mambo yaende hivi: bei, arubuni (fedha za kutanguliza), karatasi, halafu fundi. Wao wakaanza na watu, wakaja kwenye kujua hasa kinachouzwa ni kipi, wakaja kwenye maji, na bei wakaiweka mwisho. Ilichukua zaidi ya mwaka. Kwa macho ya watu wengi pale barazani walionekana wazito.

Swali la sabuni

Aliyegundua kwamba nyumba si nzima ni mke, na aligundua dukani. Chini ya nyumba kuna duka la vyakula, mlango wake unatazama uchochoroni, mbali na ule mlango mkubwa wa kuchonga unaopandia juu. Aliingia kununua sabuni, akasalimu, wakazungumza habari za joto na umeme, kisha akauliza kama mtu asiye na haja: "Na hapa kodi unampelekea nani?" Mwenye duka akamjibu bila kusita kwamba anampelekea msimamizi wa msikiti, kama alivyokuwa akipeleka baba yake.

Dalali alipoulizwa alisema, "Hayo mambo ya chini madogo, dada, yatazungumzwa." Hayakuwa madogo. Babu wa ukoo alikuwa ameitoa sehemu ya chini kuwa wakfu, yaani mali iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya dini, kwa msikiti wa mtaa, na ya juu akawaachia watoto. Hati ya zamani ya familia, ukiisoma taratibu, inaeleza wazi kwamba inahusu ghorofa ya kwanza, ya pili na paa, pamoja na njia ya ngazi. Hakuna hata neno moja la duka.

Wakfu hauuzwi. Unaweza kupangishwa, unaweza kutengenezwa, na mapato yake yana njia yake, lakini mtu hawezi kuamka asubuhi akauingiza kwenye bei ya nyumba yake. Zanzibar kumbukumbu na usimamizi wa mali hizo uko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyowekwa kwa sheria ya 2007, na ndipo mwanasheria wa wanunuzi alipokwenda kuthibitisha. Nyumba za namna hii Mji Mkongwe si chache. Mtu wa Bara aliyezoea kwamba kiwanja kimoja kina mwenyewe mmoja hupata tabu kuamini kwamba anaweza kumiliki sakafu anayokanyaga huku dari ya chini yake, ambayo ndiyo sakafu hiyo hiyo, ikawa na haki za msikiti.

Palikuwa na swali jingine la zamani zaidi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Serikali ilichukua nyumba nyingi za mjini. Baadaye baadhi ziliuzwa kwa watu binafsi, na nyingine bado ni za Serikali, leo chini ya Shirika la Nyumba. Mnunuzi asiyeuliza nyumba ilipita wapi baada ya 1964 anaweza kununua maneno matupu. Hii haikuguswa. Familia ilikuwa na hati yake ya kabla ya Mapinduzi na mfululizo wa risiti za miaka iliyofuata, zimewekwa kwenye bati la biskuti, na sheha, kiongozi wa Serikali wa mtaa, akaandika barua kuthibitisha ni nani wamekaa humo. Hata hivyo ardhi yenyewe hainunuliwi. Ardhi yote Zanzibar ni ya umma, imewekwa mikononi mwa Rais, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia. Na kwa kuwa ardhi si jambo la Muungano, mwanasheria aliwaeleza mapema kwamba suala la jina la mke kwenye hati litafuata sheria za Zanzibar, na alichozoea Tanga hakitamsaidia. Alikasirika kidogo. Angekasirika zaidi kama angelijua siku ya kutia saini.

Sehemu mia na kumi na mbili

Baba wa warithi alipofariki alikuwa ameshatanguliwa na mkewe na wazazi wake. Aliacha watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Hesabu hiyo ni nyepesi: mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja, jumla saba. Lakini mirathi haikufunguliwa. Watu walilia, wakasoma hitima, wakarudi makwao, na nyumba ikabaki kwa dada mkubwa aliyekuwa akimuuguza mzee. Miaka ikapita, mtoto mmoja wa kiume naye akafariki, akaacha mke, mtoto wa kiume na mabinti wawili.

Sasa ni mirathi juu ya mirathi. Fungu la marehemu huyu, yaani mbili ya saba, linafunguliwa upya. Mjane wake anapata thumni, yaani moja ya nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na kinachobaki wanagawana watoto, mvulana mara mbili ya msichana. Ukitaka kila mtu apate idadi kamili bila vipande, unaigawa nyumba katika sehemu 112. Mtoto wa kiume aliye hai, yule wa Muscat, ana 32. Dada watatu wana 16 kila mmoja. Mjane ana 4. Mjukuu wa kiume ana 14 na dada zake wawili 7 kila mmoja. Jumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo "mwenyewe" wa dalali alikuwa na sehemu 32 katika 112, chini kidogo ya thuluthi. Alikuwa na hati ya uwakala iliyotiwa saini na dada mmoja aliyeko Uingereza, na kwa karatasi hiyo moja dalali alikuwa akiizungusha nyumba mjini kama ya mtu mmoja. Hata ukiwajumlisha wawili hao hawafiki nusu.

Pendekezo lililofuata lilikuwa la ujanja: nunueni sehemu ya huyu wa Muscat kwanza, muingie ndani, wengine watakuja wenyewe. Nimeona watu wakilikubali. Mwanasheria alilikataa kwa sababu mbili. Kwanza, ukinunua fungu ambalo halijagawanywa unanunua ugomvi, kwa kuwa hakuna chumba unachoweza kukiashiria ukasema hiki ndicho changu. Pili, kuna shufaa. Mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kumtangulia mgeni, akaitwaa sehemu inayouzwa kwa bei ile ile. Mjukuu wa kiume, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amelisikia neno hilo msikitini na tayari alikuwa akilitaja. Hakuwa na fedha za kununua chochote, lakini alikuwa na sauti ya kuchelewesha.

Wanunuzi wakasema kitu kimoja, wakakirudia kila walipoombwa arubuni: mirathi ifunguliwe Mahakama ya Kadhi, majina manane yaandikwe na mafungu yake, kisha wote wanane watie saini, aliye mbali kwa hati iliyothibitishwa. Kabla ya hapo hakuna hata shilingi. Dalali aliapa kwamba kuna Mtaliana anayesubiri na bahasha. Mtaliana yule, kama alikuwepo, aliendelea kusubiri. Nami sishangai, kwani mgeni haipati ile haki ya matumizi anayopewa Mzanzibari, njia yake ni ya kukodishwa kwa muda, na kwa nyumba yenye warithi wanane ambao hata wenyewe hawajagawana, mgeni mwenye wakili mzuri angekuwa wa kwanza kukimbia.

Ugumu haukuwa Muscat wala Uingereza. Hao walikuwa na haraka. Ugumu ulikuwa juu, ghorofa ya pili, kwa Bi Mkubwa.

Yeye ndiye dada mkubwa, ndiye aliyebaki. Alitupokea kwa heshima zote, akatutilia kahawa, akamwambia mnunuzi: "Mwanangu, mimi sikuzuii. Lakini nimezaliwa chumba kile pale. Mkinitoa, nitoeni kwa maneno mazuri." Ndugu zake walikuwa wameshampangia kwa mtoto wake Kiembe Samaki bila kumuuliza. Alipojua, akakataa kwenda kwa kadhi, na kesi ikalala.

Mnunuzi hakujadiliana tena na ndugu. Alikwenda kwake peke yake, mara kadhaa, mara nyingine bila kutaja nyumba. Mwishowe wakakubaliana kwamba Bi Mkubwa atabaki katika chumba chake na sebule ndogo inayokifuata kwa miaka mitatu bila kodi, atapata fungu lake kamili kama wenzake, na makubaliano yataandikwa, si ya mdomo. Mwanasheria hakupenda. Alisema unanunua nyumba yenye mtu ndani, na akiugua au akiongeza watu utafanya nini? Ni hoja nzito, na ndiyo sababu karatasi ilitaja muda, vyumba, na kwamba haki hiyo ni yake peke yake, haihamii kwa mtu mwingine. Mimi niliona mnunuzi amefanya sawa. Bi Mkubwa alipokubali, wengine waliokuwa wakivutana walinyamaza karibu wote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akijificha nyuma yake. Yule kijana wa shufaa alimpeleka shangazi yake mahakamani kwa teksi.

Maji

Wakati karatasi zikitembea, nilikuwa na nafasi ambayo wakaguzi hatuipati mara nyingi: kuitazama nyumba katika msimu wa mvua. Nyumba ya Mji Mkongwe ukiikagua Januari itakudanganya. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ndiyo inayosema kweli.

Majengo haya ni ya mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, kuta nene za kufika nusu mita na zaidi. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa vyumba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu, ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti kuna mawe madogo na zege la chokaa, zito mno. Mfumo huu unaishi miaka mingi ukiwa mkavu. Ukiulowesha, chokaa inalegea, chumvi inapanda ukutani, na ncha za boriti zilizofichwa ndani ya ukuta zinaoza pasipo mtu kuona, kwa sababu katikati ya chumba boriti bado ni ngumu na nyeusi, inapendeza kupigwa picha.

Wazanzibari hawahitaji kuambiwa maji yanafanya nini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, ilianguka mchana kweupe likiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki. Tangu siku ile hata mwenye nyumba asiyejali anaponiita hunionyesha nyufa kwanza.

Katika nyumba hii ufa ulikuwa kwenye ukuta wa upande wa jirani, na ukuta wenyewe ulikuwa umefanya tumbo pale ghorofa ya kwanza inapokutana na duka. Niligonga plasta kwa mpini wa nyundo. Sehemu kubwa ikalia tupu. Mtu aliipiga saruji, pengine miaka ya tisini, kwa nia njema ya kuimarisha. Saruji haipumui kama chokaa. Unyevu uliokuwa ukitoka taratibu ukafungiwa ndani, na nilipobandua kipande cha ukubwa wa sahani, chokaa ya nyuma yake ilikuwa imekuwa unga, ikamiminika sakafuni. Kisha nikaingiza msumari kwenye ncha ya boriti ya tatu kutoka dirishani. Uliingia kama kwenye mkate wa boflo.

Juu ya ufa nilibandika vipande viwili vya kioo chembamba kwa jasi, nikaandika tarehe kwa kalamu. Ni njia ya kizamani na ni rahisi: ukuta ukisogea kioo kinakatika. Katikati ya masika kimoja kilikatika. Kwa hiyo ukuta ulikuwa bado unatembea, na swali likawa ni kitu gani kinachousukuma.

Majibu yalikuwa mawili, yote ya maji. La kwanza ni bafu la ghorofa ya kwanza, lililoongezwa zamani sana mahali ambapo hapakuwa na bafu, bomba lake likipita ndani ya ukuta. Lilikuwa likivuja kidogo kidogo, kiasi ambacho mtu hakioni kwenye bili. La pili lilikuwa juu kabisa: simtanki la lita 2,000, limekaa kwenye kona ile ile. Maji ya mfereji hayatabiriki mjini, na kila nyumba ina tangi lake, simlaumu mtu. Lakini lita 2,000 ni tani mbili, na tani mbili zilikuwa zimewekwa juu ya boriti ambazo ncha zake zimeshaoza.

Mnunuzi aliomba ruhusa ya warithi kufanya mambo mawili kabla ya mauziano, kwa fedha zake: kufunga lile bafu na kulishusha tangi likakae chini kwenye ua wa ndani, na pampu ndogo ya kupandishia. Ni fedha kidogo, na angezipoteza kama mauzo yasingefanyika. Nilibandika vioo vipya. Mvua za mwisho za masika zikapita, na vuli nzima ya Oktoba mpaka Desemba ikapita, na vioo vikabaki vizima. Huo ndio uamuzi ulionivutia zaidi katika kisa hiki. Badala ya kubishana kama ukuta ni mbovu au mzima, alilipia jaribio. Alipokaa kuzungumza bei hakuwa tena akisema "naogopa ule ufa". Alikuwa na orodha ya boriti za kubadilisha, mita za plasta ya kubandua, na sehemu ya ukuta ya kujengwa upya.

Na hapa ndipo tofauti ya gesti na makazi inapoonekana. Dalali alikuwa amewachorea hesabu: vyumba saba, kila kimoja na bafu lake, kila kimoja kinalala wageni. Kwenye karatasi inalipa. Ndani ya ukuta wa matumbawe ni mabomba saba ya kuingiza na saba ya kutoa, viyoyozi saba vinavyodondosha maji nje, na tangi la kutosha wote hao. Sisemi haiwezekani, zipo hoteli zilizofanya kazi hiyo kwa uangalifu na kwa gharama kubwa. Nasema familia inayoweza kuishi na mabafu mawili, yaliyopangwa moja juu ya jingine upande mmoja wa nyumba, imeshaiongezea nyumba hiyo umri mrefu kwa uamuzi huo peke yake.

Bei, na nani analipia ukuta

Walipofika kwenye bei, warithi walikuwa wamechoka na walikuwa wameungana, hali ambayo kwa mnunuzi ni bora kuliko punguzo. Bei ya kwanza ya dalali ilikuwa imehesabu duka. Likatoka. Ikatolewa tena gharama ya ukuta na boriti. Ikatolewa kiasi kwa ile miaka mitatu ya Bi Mkubwa. Kilichobaki bado kilikuwa kikubwa, na matengenezo yalikaribia nusu yake. Benki hazikuwa na msaada, kwani nyumba yenye mirathi iliyofunguliwa juzi na sehemu ya wakfu chini yake si dhamana wanayoipenda. Walitumia akiba na kiwanja walichouza Bara.

Uhamishaji ukapelekwa Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kama sheria ya 1994 inavyotaka, kisha usajili. Sina la kueleza hapo zaidi ya kwamba faili lililokamilika linatembea na faili lenye pengo linakaa.

Msimamizi wa wakfu alikuwa mzee mpole na mgumu. Tumbo la ukuta lilianza ndani ya duka, yaani nusu ya ugonjwa ilikuwa kwake. Alisema msikiti hauna fedha. Mwanasheria akamkumbusha kwa adabu jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua kuliko sisi: mapato ya wakfu huanza kuutengeneza wakfu wenyewe ndipo yaende kwa wanaonufaika, kwa kuwa wakfu ukianguka hakuna tena cha kunufaisha. Kodi ya duka ilikuwa ya zamani mno. Mwenye duka akakubali kuongeza kwa sharti kwamba wakati wa ujenzi hatafungiwa. Ukuta ukagawanywa kwa urefu, thuluthi kwa wakfu na thuluthi mbili kwa wanunuzi, na sehemu ya wakfu ikalipwa kidogo kidogo kutoka kwenye kodi. Katika mazungumzo yote ya mwaka ule, haya ndiyo yaliyokwenda kwa utulivu zaidi.

Kazi

Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na kabla ya hapo, tangu 1985, umekuwa na Mamlaka yake ya hifadhi. Hubadilishi dirisha, hupandishi ghorofa, hubandui hata mlango bila kibali. Wapo wanaolalamika kwamba masharti yanawafanya maskini wakae kwenye nyumba mbovu wasizomudu kuzitengeneza inavyotakiwa, na nadhani wana hoja: chokaa iliyozimwa vizuri na fundi anayeijua ni ghali kuliko saruji na kijana wa mtaani. Lakini kwa nyumba hii masharti ya kibali na mahitaji ya ukuta yalikuwa kitu kimoja. Saruji ibanduliwe, chokaa irudi, madirisha yawe ya mbao, paa lisipande.

Lori haliingii Kiponda. Mchanga, mawe na boriti vilishushwa barabarani kwenye mtaa jirani wa Malindi vikaletwa kwa mikokoteni ya hamali, na gharama ya kuvisogeza hatua mia chache ilikaribia gharama ya kuvileta kutoka bandarini. Boriti ndefu na zilizonyooka hazipatikani ovyo siku hizi. Delta ya Rufiji iliyolisha pwani hii na Ghuba kwa karne nyingi haivunwi kama zamani, wala haifai ivunwe hivyo. Fundi mkuu alibadilisha boriti kumi na moja tu, na kwa zile zilizooza ncha peke yake akaweka mhimili wa mbao ngumu kando ya ukuta wa kuzipokea, akaziacha mahali pake. Plasta ilipigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja ikilowekwa na kufunikwa magunia isikauke upesi. Mume alikuwa akiuliza kila wiki kwa nini hawamalizi. Fundi alimjibu, "Bosi, chokaa haina bosi."

Wamehamia. Vespa zinapita chini ya dirisha mpaka saa sita usiku, simu haishiki chumba cha ndani, na friji lilipandishwa kwa kamba kupitia dirishani kwa sababu ngazi ina kona mbili. Mke anasema gari lao, wanaloliegesha mbali upande wa Malindi, sasa wanalikumbuka Jumapili tu. Baraza ya nje hawakuizungushia chochote, ingawa mtu aliwashauri waweke vyuma watu wasikae. Mwenye duka, wazee wawili na muuza kahawa wanakaa pale kila alasiri, na ndio waliomzuia kijana mmoja aliyekuja kupima mlango wa kuchonga kwa futi, akidai ametumwa na mwenye nyumba.

Lililobaki ni la upande wa pili. Jirani wa ukuta ule wa ufa ni gesti, na viyoyozi vyake vitatu vinadondosha maji kwenye mfereji wa juu ambao nyumba zote mbili zinautumia, nao umepasuka. Nimechora mfereji mpya, gharama nusu kwa nusu, bomba la kila kiyoyozi lishuke hadi chini. Karatasi iko kwa meneja, naye anasema mwenye gesti ataisoma akirudi kutoka safari. Wanunuzi wameamua vuli ikikaribia kabla hajarudi, wataulipia wote wenyewe na kudai nusu baadaye, na mwanasheria ameshaandika barua ya kusema hivyo.